Mabeseni Tisa kwa Kilio cha Agnès

Maman Eulalie M'Cishugi alizikwa mara ya kwanza akiwa hai, Jumapili moja ya Januari baada ya misa ya pili, na marehemu mwenyewe alipiga makofi. Walimketisha kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, wakamfunga kitenge kipya juu ya kile alichokuwa amevaa, wakamkabidhi karatasi yenye muhuri iliyosema kwa Kifaransa kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni Présidente d'honneur wa jiko la shirika. Papa Pascal, mkuu wa shirika, alisoma hotuba ya kurasa tatu na kurasa mbili zilikuwa juu yake mwenyewe. Watu wakacheza, Fanta ikamwagikia ile karatasi, na kufikia saa nane mchana mambo yalikuwa yamekwisha.

Shirika ni jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa, wale wanaosali pamoja Alhamisi na kusengenyana siku zilizobaki. Huko Bukavu hakuna anayemfukuza mzee kazini, kwa sababu kumfukuza mzee ni ukosefu wa adabu. Mzee hupewa cheo cha heshima. Ukisikia neno hilo la d'honneur limebandikwa kwenye jina lako, ujue funguo zako ziko tayari mfukoni mwa mtu mwingine, na kwamba huyo mtu ndiye aliyechanga pesa za keki.

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila aliyekufa Cimpunda, sehemu ya juu ya bomba la maji, alizikwa na padri lakini alisindikizwa na sufuria za Maman Eulalie. Hakuwa na daftari. Alifika kwenye nyumba ya kilio saa mbili asubuhi, akasimama mlangoni, akatazama viti vilivyokodiwa na viatu vilivyovuliwa, akasikiliza wanawake wanavyolia, kisha akataja idadi ya mabeseni ya bugali, ugali wa huko. Akisema matano, yalikuwa matano. Aliweza kumsikia mtu akilia akajua kama amekunywa chai au bado. Alikuwa pia na elimu yake juu ya marehemu: mtu mwema akifa, watu hawali siku ya kwanza, mtu mbaya akifa wanakula tangu asubuhi, maana mioyo yao imetulia.

Hata kilio cha mumewe mwenyewe, Firmin, alikipikia. Miaka kumi na tisa iliyopita walimweka Eulalie kwenye godoro chini, kama mjane anavyowekwa, amefungwa kitambaa kichwani, na wanawake wanne wa kumshika asije akajiumiza kwa huzuni. Saa nne asubuhi akanusa kitu. Akawauliza wale wanne nani ametia chumvi yote ile kwenye maharage. Wakamwambia alie tu. Akainuka, akawaburuta wawili hadi jikoni, akaonja, akamwaga sufuria nzima mbele ya wakwe, akaanza upya. Watu walisema hakumpenda mumewe. Yeye alisema kwamba Firmin alilalamikia chumvi miaka thelathini na mitatu na leo angalau atapata haki yake. Kisha akarudi kwenye godoro akalia mpaka wale wanawake wanne nao wakachoka.

Aliyetia chumvi ile siku alikuwa Agnès, rafiki yake. Baada ya hapo Agnès hakuruhusiwa tena kugusa chumvi maisha yake yote. Yeye alikuwa mwanamke wa Bunyakiri aliyeolewa Cimpunda, mkubwa wa mwili, mwenye kicheko cha kuamsha kuku, na jikoni alishughulikia kuni, moto, maji na kugombana na watu. Unga, chumvi na hesabu vilikuwa vya Eulalie. Mambo mengine yote yalikuwa ya Agnès, na Eulalie hakuwahi kujisumbua kujua ni mambo gani.

Sasa funguo zilikwenda kwa Maman Lydie, mwenye miaka arobaini na minne, simu ya kadi mbili na daftari lenye mistari ya rangi. Lydie alikuwa mtu mwema, jambo ambalo lilimwudhi Eulalie kuliko kama angekuwa mwizi. Aliunda kundi la WhatsApp la jiko. Mtu akifa, watu wanaandika kama watakuja au hawatakuja, Lydie anajumlisha, anagawanya, anapata mabeseni. Eulalie alipelekwa kukaa chini ya turubai pamoja na wakubwa, kati ya kanali mstaafu anayesinzia na mzee mmoja mwenye gesi. Akiinuka tu, kijana wa protokoli anamkimbilia: "Maman présidente, bakia, tutakuletea." Kwa hiyo alibaki, wakamletea, na kila walicholeta kilikuwa hakijaiva vizuri.

Miezi miwili ya kwanza alichukia. Mwezi wa tatu akazoea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanamke aliyekuwa akikata shauri la kulisha watu mia mbili kwa kupepesa jicho sasa alisimama mbele ya jozi mbili za kandambili, za bluu na za kijani, asubuhi nzima, asijue avae zipi. Mashahidi wa Yehova walikuja Jumanne, akakubaliana nao. Mchungaji wa uamsho akaja Alhamisi, akakubaliana naye pia. Mtu mwenye kipaza sauti akapita na unga wa kutibu sukari, tension ya damu na mashetani ya ukoo, Eulalie akanunua pakiti mbili, ingawa hakuwa na sukari, na ukoo wake haukuwa na shetani anayejulikana isipokuwa shemeji mmoja wa Mudaka. Ukimwuliza lolote alijibu ndiyo. Ilikuwa ndiyo isiyo na mtu ndani.

Watoto wakaona. Alikuwa na wawili: Ornella, aliyeko Kinshasa na kulia kwa simu kila Jumapili, na Guy, mkubwa, injinia wa maji katika shirika moja la misaada, ambaye huchimba visima akiwa amekaa mbele ya kompyuta huko Muhumba, mtaa wa wenye mali. Guy ni mtoto mzuri. Tatizo lake ni kwamba kila kitu kwake ni mradi. Alimpeleka mama kwa daktari mmoja kijana, ambaye alimwuliza tarehe. Eulalie hakuijua, kwa kuwa tarehe haikuwa imemfanyia lolote siku nyingi. Akaambiwa achore saa, akachora duara, akaacha.

"Sasa maman, utanitajia banyama yote unajua, kwa dakika moja tu," daktari akasema.

"Kuku, mbuzi, ngombe."

"Endelea, maman."

Eulalie akamtazama. "Ni ya batu ngapi?"

Daktari akaandika kitu kirefu. Guy alikisoma nje, kwenye ngazi, akafuta miwani yake mara mbili.

Jioni hiyohiyo Ornella alipigiwa simu na baraza la familia likafanyika, watoto wawili na mama mmoja anayetazama ukuta. Ikaamuliwa ahamie Muhumba, kwenye chumba cha nyuma chenye bafu lake. Nyumba ya Cimpunda itapangishwa. Na kwa kuwa mama hawezi tena kuamua, atatia sahihi karatasi ya kumpa Guy ruhusa ya kuamua kila kitu kwa jina lake: nyumba, shamba dogo la Mudaka, dawa, daktari, hata siku ya kwenda kusalimia watu.

"Mama, kule kwetu utapumuzika," Guy alisema. "Maji iko, jardin ya maua iko, televizyo iko. Hautafanya kitu. Unakubali?"

"Ndiyo."

"Kweli, mama?"

"Si nimesema ndiyo."

Wakapanga sahihi iwe Jumamosi. Alhamisi Agnès akafa. Alikuwa akipepeta maharage uani kwake, akasema anasikia kizunguzungu, akaketi, na hakuinuka. Guy alikuja kumwambia mama mwenyewe, kwa upole, ameshika mikono yake. Eulalie akauliza kama maharage yalikuwa yamekwisha kupepetwa. Guy akaona kwamba daktari alisema kweli. Akaiacha ile karatasi kwenye mkoba wake, akasema tutie sahihi Jumamosi hiyohiyo, baada ya mazishi, tusivute mambo.

Jumamosi saa tatu asubuhi Eulalie alikuwa kwenye kiti chake cha heshima uani kwa Agnès, kanali kushoto, mzee wa gesi kulia. Jeneza lilikuwa sebuleni, wanawake wamejaa kulizunguka. Moshi ulitoka nyuma ya nyumba, na ulikuwa moshi mbaya, wa kuni mbichi, moshi ambao Agnès asingeukubali hata kwa kilio cha adui. Eulalie alikaa akiuvuta puani. Machozi hayakuja. Aliona aibu kwamba hayaji.

Akamwona Lydie anapita na daftari, akamwita.

"Umeweka mabeseni ngapi?"

"Tano, maman présidente. Kwa groupe batu makumi munane na tatu balijibu."

"Na ba Bunyakiri?"

"Ba Bunyakiri habakujibu."

"Batajibu namna gani?" Eulalie akasema. "Mutu ya Bunyakiri, dada yake akikufa, anaandikaka? Anapanda kamyo, anakuja."

Lydie akasema kwa heshima kwamba atalizingatia. Eulalie alilijua neno hilo, maana Papa Pascal hulitumia sana. Na alijua jambo lingine ambalo daftari halikuwa nalo: ndugu za mke waliotoka mbali hawasemi watakuja wangapi. Kutaja idadi ni kama kuwaambia wafiwa waandae karamu. Wanakuja tu, ghafla, wote, wamejazana kwenye lori moja, na wakikuta chakula hakitoshi hawasemi kitu, wanarudi kwao na kusimulia miaka ishirini jinsi mji ulivyomzika dada yao na njaa.

Kutoka kwenye kile kiti hadi jikoni ni hatua kumi na nne. Eulalie akainuka. Guy, aliyekuwa amesimama karibu na mkoba wake, akamfikia kwa tatu.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kukojoa," alisema, na hakwenda kukojoa.

Jikoni wanawake sita wakampisha. Akaziondoa kuni mbichi kwa mguu. Akamtuma mmoja kwa jirani kuomba kuni kavu, mwingine kuongeza maji, akaonja sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akakunja uso, akaliacha liishi. Kisha akasema mabeseni tisa. Akasema hivyo bila kufikiri, na alipolisikia hilo tisa likitoka mdomoni mwake alishtuka, maana lilikuwa na sauti yake ya zamani. Lydie alifungua daftari, akalifunga. Unga wa akiba ukafunguliwa. Eulalie akajifunga kitenge kiunoni na kukamata mwiko, miaka sabini na minne juu ya mafiga, jasho linamtiririka, mgongo unamtukana kwa Kimashi, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hakujiuliza kitu.

Guy alikuja mara mbili kumrudisha. Mara ya kwanza alifukuzwa na moshi. Mara ya pili mama yake alimpa sufuria ashike, akaishika dakika kumi akiwa na suti.

Saa saba chakula kikatoka. Watu wa mtaa wakala, kwaya ikala, kanali akaamshwa akala. Lydie alihesabu sahani. Mabeseni matano yakaisha, na watu wakawa wameshiba, wanachokonoa meno. Mabeseni manne yakabaki yamefunikwa, yanatoa mvuke.

Hakuna kamyo iliyokuja.

Saa saba na nusu hakuna. Saa nane kasoro robo hakuna, na mazishi ni saa tisa. Papa Pascal akakohoa kile kikohozi chake cha kuanzia mkutano. Unga wa akiba ulikuwa wa shirika zima, wa kilio kingine, na sasa ulikuwa umepikwa kwa ajili ya watu ambao hawapo. Guy akaja akachutama karibu na mama yake.

"Mama, sasa njoo ukae. Haina neno. Hakuna mutu anakasirika."

Hapo ndipo Eulalie aliogopa kweli. Angekasirikiwa angejitetea. Lakini walikuwa wanamhurumia, wote, hata yule mzee wa gesi. Aliona ile karatasi kana kwamba imetoka mkobani yenyewe. Labda daktari alikuwa sawa. Labda tisa lile lilikuwa sauti tu, haikuwa na hesabu ndani yake. Akakaa juu ya debe la maji, akajaribu kufuata jambo lenyewe hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta sindano. Kamyo inatoka Bunyakiri alfajiri. Inafika barabara kubwa. Haiwezi kupanda vichochoro vya Cimpunda, hakuna kinachopanda huku isipokuwa pikipiki na mbuzi. Basi watu wanashuka barabarani, wanapanda kwa miguu. Na pale chini, njia inapogawanyika, wageni hupokewa na...

"Nani iko njiani?" akauliza.

Wanawake wakatazamana. "Njiani wapi, maman?"

"Njiani. Ya kupokea batu. Nani anasimamaka njiani?"

Jibu lilikuwa sebuleni ndani ya jeneza. Miaka thelathini na mmoja, moto ukishashika, Agnès alipotea saa nzima, na Eulalie alimtukana kila mara kwamba amekwenda kupiga umbea. Alikuwa amesimama kwenye njia panda. Alikuwa anawapokea wageni, anawashika mikono, anawaonyesha nyumba. Kila mara wale watu wa mabeseni walifika kwa sababu Agnès aliwaleta, na Eulalie akachukua sifa za hesabu. Akafunika uso kwa kitenge cha moshi na kulia kwa sauti kubwa mbaya, bila mpangilio, hadi watu sebuleni wakanyamaza kumsikiliza. Alimwita Agnès mjinga, akamwita mwongo, akamwuliza kwa nini hakusema. Guy hakujua aweke mikono yake wapi.

Alikuwa bado analia wakati Destin, dereva wa pikipiki, alipomshusha mwombolezaji aliyechelewa, akaanza kusimulia kwa kicheko alichosahau kukificha. Huko chini karibu na bomba kulikuwa na kilio kingine, cha Muzee Xavier, dereva wa malori mstaafu. Tangu asubuhi wamejaa watu kwa Xavier, kamyo nzima, wanalia kuliko wenyeji, wanajirusha chini. Wamekula kidogo kilichokuwepo na kimekwisha. Na Maman Fanny, mjane, amejifungia chumbani na hataki kutoka.

"Juu ya nini hataki kutoka?" Papa Pascal akauliza.

"Juu ile batu banalia 'dada yetu, dada yetu'. Na banatoka Bunyakiri. Na Papa Xavier alikuwa nafanyaka route ya Bunyakiri."

Uani kwa Agnès, jeneza likiwa sebuleni, shirika zima lilicheka mpaka Papa Pascal akalazimika kugeuka ukutani. Mambo yalikuwa hivi: wageni wamepanda, hakuna wa kuwapokea, wamekuta turubai la kwanza na watu wanalia, wakaingia wakilia nao. Picha ya marehemu ilikuwepo, yenye masharubu, lakini nani anatazama picha. Wenyeji nao hawakuuliza. Anayeingia kwenye kilio akilia haulizwi ametoka wapi, anapewa kiti. Wenyeji wakahesabu wenyewe vichwani mwao: dereva, Bunyakiri, dada. Wakajua kwamba mke wa pili wa Xavier amejitokeza hatimaye, na ukoo wake wote, wakawapa viti vya mbele kwa hofu. Muzee Parfait, kaka yake Agnès, alikuwa tayari ametoa hotuba kwamba dada yao alivumilia mengi miaka arobaini katika mji huu na hakulalamika. Wenyeji walitazama chini. Ndipo Fanny alipojifungia.

Eulalie hakucheka. Alikuwa amekwisha kupangusa uso na kusimama.

"Mabeseni ine, bamama ine. Na sombe. Na wewe Lydie unakamata maharage. Tunashuka."

"Kwa kilio ya batu bengine?" Papa Pascal akauliza. "Hatujaombwa."

"Ni batu betu balienda kukula kule. Ile chakula ya kule si ni deni yetu? Tushuke, papa, bugali itapoa."

Wakashuka kwa mstari, mabeseni vichwani, Eulalie mbele na mwiko mkononi, Guy nyuma amebeba ndoo ya maharage kwa sababu Lydie alimpokeza bila kumwuliza. Utelezi ulikuwa mwingi. Kwa Xavier wageni walikuwa wamechoka kulia na wamekaa na njaa ya heshima. Eulalie akaenda moja kwa moja kwa Muzee Parfait, akapiga goti kidogo.

"Kaka, pole. Mulikosea kilio. Dada yenu iko kule juu. Huyu ni Papa Xavier, alikuwa dereva."

Muzee Parfait akaitazama ile picha kwa mara ya kwanza. "Na mimi niko najiuliza," alisema, "juu ya nini banatuogopa."

Eulalie mwenyewe alimweleza Fanny kupitia mlangoni, naye akafungua.

"Basi hakukuwa na bibi mwingine?" akauliza mjane, macho yamevimba.

"Kama alikuwa naye, si huyu."

Maman Fanny akacheka, hapo hapo, na kitambaa chake cha ujane, akacheka huku anamlilia mumewe kwa haki sasa, bila shaka ndani yake. Watu wa Bunyakiri wakala. Watu wa Xavier, ambao hawakuwa wamekula tangu asubuhi kwa kuwapisha wageni, wakala pia. Mabeseni manne yakaisha mpaka ukoko ukakwanguliwa. Halafu wote wakapanda pamoja hadi kwa Agnès, na alizikwa na watu wengi kuliko alivyowajua.

Walirudi kutoka makaburini saa kumi na moja. Guy alimsindikiza mama hadi kwake, akaketi mezani, akafungua mkoba. Viatu vyake vilikuwa vimebadilika rangi. Akaiweka karatasi na kalamu juu yake, akaisogeza.

"Mama, leo ulifanya vizuri. Lakini ulichoka, na nilikuona vile ulilia. Tumalize hii jambo."

"Hapana," Eulalie akasema.

Guy alingoja, akidhani kuna kitu kinafuata. Ilikuwa hapana ya kwanza kusikika katika nyumba ile tangu Januari.

"Mama, ulikubali."

"Nilikubali. Nilikubaliaka na Mashahidi ya Yehova. Siendi Muhumba, Guy. Nitakuja kukula kwako Siku-Kuu, nitalala, nitarudi."

"Na ukikosea? Leo ulikosea, mama. Mabeseni ine ilibakia. Kama haikuwa ile kilio ingine..."

"Nilikosea," alisema. "Nilikosea mubaya sana. Nilimusahau Agnès siku ya kilio yake. Sasa wewe unataka nikose nafasi ya kukosea?" Akairudisha karatasi upande wake wa meza. "Siku sitajua tena batu ni ngapi, nitakuita mwenyewe, nitaweka sinyatire. Si leo."

Guy alikuwa na hoja nyingine tatu, za kitaalamu. Akamtazama mama yake aliyekuwa ananuka moshi, unyusi mmoja umeungua, akaziacha. Akarudisha karatasi mkobani. Alikuwa anafunga zipu alipoambiwa kuhusu Jumatatu.

"Jumatatu ni siku ya kuvunja matanga. Saa ine utakuwa njiani, pale inagawanyika. Utapokea batu."

"Jumatatu niko na réunion, mama. Na bailleurs, benye kutupatia feza. Balitoka Geneva."

"Réunion uko nayo kila siku," akasema Eulalie. "Agnès yangu alikufa mara moja."

Jumatatu saa nne injinia Guy alikuwa kwenye njia panda chini ya bomba, tope mpaka kwenye vifundo, anawapa watu mkono na kuwaonyesha nyumba. Wanawake waliopanda na ndoo walimsalimu kwa kicheko, akaitikia. Huko juu Lydie alikuwa na daftari lake, Eulalie alikuwa na macho yake, na walikuwa wamebishana tangu asubuhi wakafika kwenye mabeseni sita na nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya jiko lile. Maji yalikuwa yanachemka na unga wa kwanza umekwisha kuingia. Mkono mmoja wa Eulalie ulikuwa ndani ya unga simu ilipolia, na Lydie akamwekea sikioni.

"Mama, iko batu hapa, kama makumi mbili. Banasema banaenda kwa Papa Xavier, lakini bamoja bao banalia Agnès. Na bengine banauliza wapi banakula. Nibapeleke wapi?"

"Guy," mama yake akasema, "uko na miaka makumi tano na mbili. Amua."

Akamwashiria Lydie akate simu, maana unga ulikuwa umeanza kushika.